Mwanamke wa Majani kwenye Ukuta wa Maziwa

Salvina wa Kibosho ni fundi wa kuchora vibao. Saluni, bucha, duka la pembejeo, vyote vimepita mkononi mwake. Lakini kabla ya brashi hushika mundu, kwa sababu ana ng'ombe wawili bandani, na ng'ombe hawali rangi.

Katika ukumbi wa parokia imetundikwa picha iliyoletwa na sista mmoja kutoka Romania. Ni kazi ya mchoraji wa huko kwao: wakulima wanatoka shambani, maksai wanakokota mkokoteni kwenye tope, na bibi mmoja anatembea kando yao amebeba furushi. Salvina huikodolea macho kila kikao, mpaka wenzake humtania kwamba ana ndugu Ulaya. Ilimuuma, nawaambieni. Tope la Waromania limewekewa fremu na kioo, la Kibosho tunalikwangua mlangoni!

Basi alipopewa kazi ya kuchora ukuta wa kituo cha maziwa cha kijiji, mwenyekiti Primus alitaka ng'ombe mnene akila nyasi malishoni. Malisho gani, jamani? Huku mlimani kila kipande ni migomba na kahawa. Ng'ombe huzaliwa bandani na kufia bandani, na majani humfuata kutoka tambarare, juu ya kichwa cha mwanamke. Salvina akachora hicho hicho: mwanamke anapandisha mlima, mzigo wa majani umemfunika hadi machoni.

Primus alipoiona picha alikuja juu. Wageni watatuona maskini, akasema, akaagiza ndoo ya chokaa picha ifutwe. Salvina aliogopa, kwa maana hakuwahi kuipenda kazi yake yoyote kama ile, lakini hakushuka kwenye ngazi. Alimwambia mwenyekiti kwamba chokaa hiyo itaanza kumpaka yeye Salvina, ndipo ifike ukutani.

Wanawake walikuwa wakipita na mizigo yao kutoka kukata majani. Doris, mke wa Primus, akasimama. Akautazama ukuta kitambo, halafu akautua mzigo wake miguuni pa mumewe.

"Futa, baba Kindness," akasema taratibu. "Ila na huu utaubeba wewe."

Mwanaume mbele za watu atafanya nini? Primus akainama. Mzigo ukafika magotini, ukarudi chini. Akajaribu tena, shati likachomoka.

Salvina akashuka, akashika upande mmoja, Primus akashika wa pili, wakamtwisha Doris. Primus akamtazama mkewe akipanda kilima, akautazama ukuta. Kisha akaishika ngazi isiyumbe, na Salvina akapanda kumalizia.