Nilivyofuta sauti ya mama

Jumamosi, 14 Juni. Mwaka wa tatu tangu niondoke Kasulu.

Jamani, leo nimemfuta mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Alinipigia kuniombea, wiki moja kabla hajafariki. Nilirekodi. Simu ya zamani imekufa, na mpya inakataa kuifungua ile sauti.

Nikatoka kupakia mahindi, nikaenda kwa fundi wa simu hapa Tunduma. Akachomeka kadi ya simu ya zamani, yenye ile sauti, kwenye kompyuta, akatoka kidogo kula.

Nikabofya mwenyewe. Ikafunguka kama barua! Herufi chache, viboksi na alama za ajabu, kurasa nzima.

Nikadhani ni uchafu. Sisi mahindi yakiwa na takataka tunapepeta.

Nikafuta alama zote, nikaacha herufi, nikahifadhi.

Fundi kurudi, akashika kichwa.

"Kaka, hii siyo maandishi! Kompyuta imekuonyesha herufi tu. Zile alama ndiyo sauti yenyewe."

"Si uzirudishe?"

"Nazitoa wapi? Umeshahifadhi."

Baba hajawahi kuisikia. Nilimwahidi.

Nimwambieje, ndugu zangu?

Natarajia kufika nyumbani Krismasi. Ameshawaalika majirani waje kusikiliza.