Nilitumwa Kumwita Binti Yangu, Sikumwita

Mwenye kosa ni mimi. Nianze hapo hapo, maana ukimaliza kusoma utasema hivyo hivyo.

Jina langu nalificha. Ya wengine siyafichi, wao hawakukosa. Siku ile sebuleni kwangu, hapa Ruhuwiko, alikuwepo Kasto, mdogo wa marehemu mume wangu, yeye ndiye aliyekalia kiti cha baba. Alikuwepo wifi yangu Adelina. Alikuwepo Benedikto, mwanangu wa kwanza, mwenye nyumba yake Mjimwema. Wageni walikuwa wawili: mshenga Remigi, na Fotunata, dada wa mwanaume. Mwanaume mwenyewe, Gerold, mgane wa Maposeni, alibaki kwake akisubiri jibu.

Na jikoni alikuwepo Skola, kitinda mimba wangu. Miaka arobaini na mmoja.

Wanangu wengine wote walishaondoka, kila mmoja na kwake. Skola akabaki. Alimuuguza baba yake mpaka tukamzika, halafu akabaki na mimi. Nikiwauliza kina Benedikto nani atanitunza uzeeni, wanajibu, "Si uko na Skola, mama?" Kama vile Skola ni kitanda! Na mimi nikazoea. Nikikohoa, Skola. Mahindi ya kupukuchua, Skola.

Basi akakutana na Gerold kwenye mashine ya kusaga. Nikaanza kumsikia anacheka peke yake akichambua maharage. Mama mwingine angefurahi. Mimi niliogopa. Nani atalala na mimi kwenye nyumba hii?

Siku ya posa mambo yalianza vizuri. Remigi akasema, "Tumekuja kuomba moto, kwetu jiko limezima."

Wifi Adelina, mdomo wake naujua, akamjibu, "Moto upo, shemeji, lakini kuni zetu zimekomaa. Mtaziweza?"

"Zilizokomaa ndizo hazina moshi!"

Tukacheka wote, hata mimi. Kasto akanigeukia: "Shemeji, kamwite binti aje aseme kama anawafahamu wageni hawa."

Nikaenda. Skola amejifunga kitenge kipya, anamimina togwa kwenye jagi. Akaniuliza, "Wameniita?"

Nikasema, "Bado."

Jamani! Neno moja tu! Nikasimama uani kidogo, nikarudi sebuleni nikasema, "Hataki kutoka. Amesema hawafahamu."

Remigi akavua kofia, akaivaa tena. Fotunata akaangalia sakafu. Benedikto akainuka aende jikoni mwenyewe, nikamshika mkono: "Usimwaibishe mdogo wako mbele za watu." Akakaa. Wageni wakaaga.

Skola aliposikia pikipiki zinawashwa akatoka na jagi lake. "Mama, mbona wanaondoka?"

Nikamwambia ndugu wa Gerold hawataki mwanamke wa umri ule, hatawazalia. Mungu anisamehe, nilisema hivyo kwa mtoto niliyemzaa! Akaliweka jagi chini, taratibu. Jioni simu yake ikaita, ikaita tena. Ni Gerold. Skola aliitazama tu mpaka ikanyamaza, kwa ile hasira niliyompa mimi. Ningeweza kusema pale pale. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Gerold akaoa mwingine kabla mahindi hayajakauka shambani.

Mwaka uliofuata kulikuwa na msiba Maposeni, Skola akaenda na kina mama wa jumuiya. Wakiwa wanaosha vyombo, Fotunata akamwambia, "Dada, ulituaibisha siku ile. Hata kutoka utuambie hapana kwa mdomo wako ulishindwa?"

Akarudi. Nilikuwa mlangoni naanika dagaa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mama, siku ile nilikuuliza kama wameniita. Ukasema bado. Bado mpaka lini, mama?"

Nikamwambia, "Niliogopa kubaki peke yangu."

"Basi hutabaki. Siendi popote. Watu wasije wakasema Skola alimtupa mama yake."

Siku hiyo hiyo akahamishia vitu vyake chumba cha uani, akapanga mafiga yake huko. Huu mwaka wa tatu. Asubuhi anakuja, "Shikamoo, mama," anaweka uji, anaondoka. Jioni ugali na mboga. Sijalala njaa hata siku moja, wala sijakosa maji ya moto ya kuoga. Namsikia uani anaongea na jirani, wanacheka. Nikitokea, kimya! Nilichokitaka nimekipata chote, na ndicho kinachonila.

Padri nilimwambia. Akanipa kitubio, nikakimaliza kabla ya kutoka kanisani. Cha Skola hakiishi.

Wazee wenzangu, mtoto aliyebaki nyumbani si mali yenu! Anayetaka kwenda, mwacheni aende, hata kama mtabaki na paka. Na nyinyi mlioondoka, msiseme tu "si yupo fulani". Huyo fulani mmemuuliza?

Kasto, Adelina, Benedikto, Remigi, Fotunata, mkiyasoma haya, mimi ni mzee, huenda nimechanganya nani alikaa wapi na nani alisema nini. Nisahihisheni. Naomba sana nisahihishwe. Atokee hata mmoja aniambie kwamba nimesahau, kwamba siku ile nilipofika jikoni nilisema, "Ndiyo, mwanangu. Wanakuita."