Uzi Mwekundu Kitovuni

Wenzangu, mnanijua: nikianza kulia nitaharibu yote. Kwa hivyo nisikizeni upesi.

Mimi ni Nduku, muuza nyanya hapa Mitaboni. Zamani kreti nilibeba peke yangu huku nikibishana na wateja. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti, miezi saba, akafa kabla hajapewa jina. Mimba ya pili ilipofika mwezi huo, hata kukohoa niliogopa.

Asubuhi moja nikichambua kunde, maji yakashuka mpaka kwenye slipa. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe wangu, ninayemwita Mwaitu. Aliweka chini kiondo alichokuwa akisuka, akanawa mikono. Haikupita saa moja mtoto akatoka, msichana, mdogo kama nusu mkate. Hakulia.

"Mwaitu, kata! Kata tumkimbize!" nikapiga kelele.

"Nyamaza. Kamba bado inapiga. Hiyo damu ni yake, wacha apate."

Aliishika kamba ya kitovu kwa vidole viwili, mkono mwingine ukimkausha mtoto. Nilimchukia, jameni. Nilidhani anamngojea afe. Kisha mtoto akatoa kilio chembamba. Kamba ilipotulia, Mwaitu akaifunga kwa uzi wa kiondo chake, ule uzi wa sweta, mwekundu, akakata na wembe mpya.

Kondo la nyuma lilipotoka, mtoto akalazwa kifuani pangu, tukafungwa leso mbili. Jirani akatubeba na pikapu yake kwenda hospitali mjini. Njiani nikasikia umajimaji wa moto ukinishukia juu ya tumbo, nikamwambia Mwaitu.

"Amekojoa," Mwaitu akasema, akacheka. Nami nikacheka. Lakini ule mkojo ulikuwa unanata. Mtoto akaacha kujinyonganyonga. Nikafungua leso.

Ngai wakwa, Mungu wangu! Damu, mpaka kwa sketi. Midomo yake ilikuwa nyeupe. Kamba ya njiti ni nene na laini. Ilikuwa imenywea, na uzi wa sweta unavutika, ukalegea. Tena kwa vile ulikuwa mwekundu, hata ungeangalia usingejua. Mwaitu akabana kitovu kwa vile vidole viwili, hakuachilia mpaka tukafika.

Daktari alimwongeza damu. Baadaye akasema, "Mama, kule kungoja kulimpa akiba, ndio maana tumempata. Lakini ni nani alifunga hivi?"

Mwaitu alitazama sakafu.

"Ni mimi," nikasema.

Tulikaa wodini wiki sita, maziwa yakipita kwa mrija puani. Kila akinyamaza nilifunua kitovu. Leo huyo binti yangu, Mwende, yuko darasa la tano, na mdomo wake mnaujua. Mungu ashukuriwe.

Akina mama, zalieni hospitali. Ukizidiwa njiani, usikimbilie kukata. Na ukimfunika mtoto, mfunue uangalie kitovu, tena na tena.

Wiki jana msichana wa jirani alikuja kumwomba Mwaitu amzalishe nyumbani. Nilikuwa mlangoni.

"Enda hospitali," Mwaitu akamwambia. "Mjukuu wangu nilimfunga na uzi wa sweta. Akavuja damu nikicheka, nikisema amekojoa."

Hilo neno hatukuwa tumelitaja tangu siku ile. Akanigeukia. "Na huyu akasema ni yeye."

Alinishika mkono, kwa vile vidole viwili, akabana kama siku ile.