Dar ni Trei Moja

Siku ya kwanza nilivikwa koti jeupe na kofia ya wavu, nikaingizwa kwenye chumba baridi kama tumbo la friji. Hilo ndilo jiko la chakula cha abiria wa ndege, hapa Johannesburg, karibu na uwanja wa ndege. Shule niliiacha darasa la nne, Tanga, lakini Msimamizi wa Zamu hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Mama, unaweza kusimama kutwa?" Nikamwambia nimezaa watoto watano, kwangu kusimama ni mapumziko.

Nyinyi wajukuu mnaiuliza simu mji fulani uko mbali kiasi gani. Sisi tulipima kwa trei. Durban, kipande cha keki na juisi. Dar es Salaam, saa tatu na nusu angani, trei moja ya chakula cha moto. London, usiku kucha, trei mbili. Chakula kinapikwa, kinapozwa upesi kisiharibike, kinafunikwa. Huko juu wanakipasha tu. Na jambo ambalo abiria hawalijui: ndege yetu ya Dar ilibeba na chakula cha safari ya kurudi. Anayepanda Dar kuja huku anakula kilichopikwa huku.

Basi mama yangu akaamua kuja kuniona. Alikuwa na kisukari, na maisha yake yote hakula chakula cha mkono asioujua. Hizo saa tatu na nusu ni za angani tu. Yeye anatoka Tanga alfajiri, kuna basi, foleni, kungoja. Asipokula ataanguka.

Nikampigia simu. "Mama, chakula cha ndege hiyo nakipanga mimi."

"Nitajuaje? Hata mwizi atasema kapika mwanangu."

Kuongeza kitu kwenye trei ni marufuku, kila kitu kimepimwa. Kilichobaki ni kile kitambaa cha karatasi cha kufutia mikono. Mama alitulea kwa kuuza sambusa, na zake hakuziziba kwa uji wa unga kama wengine; pembe ya mwisho aliichomeka ndani. Nikamwambia, "Tazama kitambaa."

Siku ya safari yake ilipofika nikaanza kukunja vitambaa kama sambusa zake, pembe ndani. Mpishi Mkuu, mtu wa maneno machache, akasimama mbele yangu.

"Hii nini?"

Nikamweleza yote.

"Anakaa kiti gani?"

"Sijui."

Akaigeuza ile karatasi mkononi. "Trei zisizofanana mkaguzi anazirudisha," akasema. "Basi kunjeni zote."

Meza nzima ikawa ya wakunja sambusa. Thandi, jirani yangu wa kazi, akalalamika, "Eish, Mama Zuhura, yangu imekaa kama soksi."

"Ifungue. Mama yangu hali soksi."

Jioni nilisimama uwanjani, roho mkononi. Mama akatoka kwa miguu yake mwenyewe, amebana mkoba kwapani. Hata salamu hakutoa.

"Wali wako mkavu," akasema.

Nilicheka huku nalia, askari wakageuka kututazama.

Sasa nimestaafu, nakaa Mayfair, mtaa wa hapahapa Johannesburg, na magoti yangu mabovu. Kazi ile najivunia, msije mkadhani ni kazi ya kuficha. Nilipokwenda kuzuru kaburi la mama nilipanda ndege hiyohiyo, mara yangu ya kwanza kuletewa trei badala ya kuipanga. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mraba, na mkono nisioujua. Wali ulikuwa mkavu. Niliula wote.