Mkuu wa Chuo Yuko Ndani
Juzi, kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Ifakara, mwanafunzi wa ushonaji aliingia mbio kumwomba katibu muhtasi ufunguo wa karakana. Mtihani wa vitendo ulikuwa unaanza. Ufunguo ulining'inia ukutani, nyuma ya katibu.

"Mpaka mkuu aruhusu."

"Yuko wapi, dada?"

"Kaenda Mlimba. Nakaimu mimi."

"Basi niruhusu!"

"Kwenye meza hii mimi ni katibu, mdogo wangu."

Akainuka, akaingia ofisi ya mkuu, akaketi kwenye kiti kikubwa. "Ingia!"

"Shikamoo, mkuu. Naomba ufunguo."

"Marahaba. Nimeruhusu."

Akarudi kwenye meza yake. "Haya, mkuu kasemaje?"

"Karuhusu."

"Chukua, kimbia!"

Mimi nilikwenda kuulizia masomo ya jioni. Zamu yangu ilipofika katibu alikuwa peke yake, lakini kwa usalama nikasema, "Shikamooni."