Chumvi ya Makambako

Majani makavu yakilowa umande yana harufu yake, kama ya blanketi kuukuu lililosahauliwa nje. Wengine huipenda. Mimi, bibi kizee mwenye wajukuu, nikiisikia hushika mkono wa aliye karibu nami, awe nani.

Nilikuwa na miaka kama saba, enzi za Mwingereza, na kijijini kwetu, upande wa Njombe unaoteremkia Makambako, simba walikuwa wanakula watu. Leo naliandika jina lao bila wasiwasi. Wakati ule hakuna aliyelitamka, maana kulitaja ilikuwa ni kuita. Tulisema "yule", ingawa walikuwa wengi. Wapo walionong'ona kwamba kuna mtu anayewatuma. Babu yangu, mzee wa kanisa la Kilutheri, hakubishana nao. "Wa mtu au wa Mungu," alisema, "meno ni yaleyale."

Basi chumvi ikatuishia. Tulikula majani ya maboga ya chukuchuku mpaka yakatutoka puani, na Babu akaamua kwenda dukani Makambako pamoja na majirani. Nikalia nikitaka kwenda, maana dukani kulikuwa na sukari guru, na Babu hakuyaweza machozi yangu.

"Baba Yohana," Bibi akamwambia, "kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Hata mwoga hula kwa chumvi, Mama Yohana," Babu akajibu, akachukua mkuki wake.

Tulitoka jua limeshapanda, mmoja nyuma ya mwenzake. Babu alitangulia kama ilivyompasa mzee, wanawake na sisi watoto tukawa katikati, na vijana wenye mikuki wakafunga msafara. Vijana wale walisumbuana njia nzima. "Zamu yako sasa." "Ah, mimi nimeshakaa." Nilidhani ni mchezo, nikawaonea wivu.

Dukani palikuwa raha. "Kamwene! Kamwene!" watu wakisalimiana kila upande, harufu ya mafuta ya taa na vitambaa vipya, na kipande cha sukari guru shavuni mwangu. Kwa muda nikamsahau yule.

Tulipokuwa tunarudi, majirani walichepuka kwenda kwao mmoja baada ya mwingine, maana nyumba yetu ilikuwa ya mbali kuliko zote. Tukabaki wawili, na mbele yetu njia nyembamba ikipita katikati ya majani marefu kumpita Babu. Jua lilikuwa limeinama.

"Tangulia, mke mdogo," Babu akasema. Ndivyo alivyonitania siku zote, na Bibi akijifanya kuona wivu.

Nikaganda. Mkuki alikuwa nao yeye, mimi nilikuwa na kifurushi cha chumvi kichwani. "Babu, naogopa. Tangulia wewe."

"Tembea. Mimi nitaimba, utanisikia. Nikinyamaza usigeuke, wala usisimame. Nenda tu mpaka kwa bibi yako."

Kwa akili yangu ya kitoto nikaelewa jambo moja tu: Babu amenitoa kafara. Yule akitokea atakutana na mimi kwanza, na yeye atapata nafasi ya kukimbia. Mke gani huyo anayetangulizwa kwenye meno? Nilitembea nikilia bila sauti, na nyuma yangu Babu akiimba wimbo wa kanisani.

Katikati ya majani wimbo ukakatika.

Sikusikia nyayo zake. Nilisikia majani yakisuguana upande wa kushoto, polepole, kisha yakatulia. Amekimbia, nikawaza, ameniacha. Mkojo ukanitiririka miguuni. Sikugeuka, si kwa utii bali kwa sababu shingo ilikataa. Nikaendelea tu kutembea, mpaka sauti ya Babu ikarudi, nyembamba na yenye mtetemo, ikiwa imeruka ubeti mzima. Yeye aliyetugombeza sisi kwa kuruka beti!

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Nikamkimbilia kumshtaki. "Bibi, Babu kanitanguliza! Kanitanguliza mimi, yeye kakaa nyuma!"

Nilingoja amgombeze. Badala yake alimtazama Babu, akaweka mkono mdomoni, kisha akaenda kuchota maji ya moto, akapiga magoti na kumwosha miguu. Jioni ile alimchinjia jogoo. Mimi nilipewa shingo, na nilinuna kwa siku nyingi.

Babu alikufa kwa uzee, kitandani kwake. Nilikuwa mke wa mtu tayari nilipoisimulia safari ile kwa Yohana, baba yangu mkubwa, nikicheka, kwamba mzee wetu naye alikuwa mwoga. Yohana hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "yule hakuwa akimchukua wa mbele. Alimchukua wa mwisho. Watu wazima wote tulilijua hilo."

Nililia kama mtoto, mbele ya wakwe.

Siku hizi nakaa mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, penye taa na lami. Jioni nikienda dukani na wajukuu, wao hukimbia mbele, kisha husimama kuningoja. "Bibi, mbona kila siku unabaki nyuma?" huniuliza, na hucheka kwamba nimezeeka.

"Tangulieni," huwaambia. "Nawaona."