Mkunga Aliyeuliza Wiki Inaanza Lini

Ofisini walimwita Bwana Kidokezo. Kila mtengeneza programu aliyekwama alikwenda mezani kwake, naye aligawa mbinu bure: soma ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa kwanza; weka nakala kabla hujagusa kitu; ukishindwa kabisa, mweleze mtu kazi yako kwa sauti, kosa utaliona mwenyewe katikati ya maelezo. Hiyo ya mwisho aliisifu sana, ila yeye hakuwahi kuitumia. Alisema ni ya wanaoanza.

Kisha programu aliyoitengenezea kliniki ya meno ikamwumbua. Wagonjwa waliotakiwa kukumbushwa asubuhi ya miadi walikumbushwa kesho yake. Siku mbili alikodolea macho kompyuta sebuleni, shati lile lile, asione kitu.

Mama mkwe wake, mkunga mstaafu aliyekuja kuwatembelea, alikuwa kwenye kochi akimenya njegere. Akamuuliza kinachomsumbua. Kumkata mama mkwe kauli hakuthubutu, kwa hiyo akaeleza tangu mwanzo: kompyuta haijui majina ya siku, inajua namba tu, na Jumatatu yeye ameipa namba moja.

Mama akashika njegere hewani. "Si ni ya tatu, baba? Jina lenyewe linasema."

Akatabasamu kwa adabu, akasema kwa kompyuta sivyo.

"Haya. Basi hiyo wiki yenu inaanza lini?"

Akaigeukia kompyuta kuangalia. Katika sehemu ya kutuma ujumbe, wiki aliianzisha Jumatatu. Katika ile ya miadi, aliyoiandika mwezi uliopita huku akijisifu, aliianzisha Jumapili. Kurekebisha kulichukua dakika nne.

Ofisini alikusudia kunyamaza, lakini ulimi ukamponyoka. Wakamcheka mpaka mmoja wao alipokwama, akaomba namba ya mama. Kufikia Ijumaa waliompigia mama walikuwa watatu. Mama hakusikiliza lolote kabla ya salamu na habari za nyumbani, kisha alitaka aelezwe polepole. Karibu wote waligundua kosa lao katikati, wakashukuru, wakakata simu, naye akabaki akilalamika kwamba hakuambiwa mwisho.

Mama alipokaribia kuondoka, meneja alikuja mwenyewe mezani kwa Bwana Kidokezo kuuliza, kwa sauti ya chini, kama mama hawezi kuongeza wiki. Mama alipoulizwa akajibu kwamba ana nyumba yake, ila simu ipo. Siku hizi ofisini, ukutani pamebandikwa karatasi: "Saa saba hadi saa tisa mama amelala. Fikirini wenyewe."